Faili zilizohifadhiwa: asili na historia yake iandikwe wapi?

Mtunza Kaseti (Bombo) aliuliza:

Assalamu alaikum, na habari za kazi kwa wote. Kwa miaka minne nimekuwa nikikusanya sauti na picha za wazee wetu Wanubi wa hapa Bombo: kaseti za harusi, mazungumzo ya watu waliokulia kambini, na picha ambazo wajukuu hunitumia kwa simu. Zote nimezihamishia kwenye diski ya nje, nakala ya pili iko kwa dada yangu Kampala, nami nikaamini kwamba amana imehifadhika. Juzi alikuja kijana kuulizia sauti ya marehemu bibi yake. Alitaka kujua ni nani aliyemhoji, mwaka gani, na kama maneno tunayoyasikia ndiyo yote au kuna yaliyokatwa. Nikafungua faili yenyewe, jina lake «Sauti 014 mpya», na kompyuta ikaonyesha kwamba iliundwa Machi 2023 lakini ilibadilishwa mara ya mwisho Agosti 2021. Sikuweza kumjibu hata swali moja, ilhali kaseti hiyo niliipokea kwa mikono yangu mwenyewe. Naomba mnieleze tarehe hizo zina maana gani, na historia ya faili kama hii huandikwa wapi isipotee tena.

Karani wa Nyaraka (Kampala) alijibu:

Waalaikumu salaam, ndugu Mtunza. Tarehe hizo hazijakosea, ila hazihusu jambo unalolitafuta. Katika Windows, unaponakili faili kutoka diski moja hadi nyingine, tarehe ya kuundwa huwa ni ya siku ile nakala ilipowekwa kwenye diski mpya, na tarehe ya kubadilishwa husafiri na faili kama ilivyokuwa. Yamkini basi uliigeuza kaseti kuwa faili mwaka 2021, ukaihamisha mwaka 2023. Siku bibi alipozungumza kompyuta haiijui. Picha nazo zina mitego yake: kamera ambayo saa yake haikurekebishwa huandika tarehe isiyo kweli, na picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupungua ukubwa na kuvuliwa taarifa za ndani, kama vile saa na mahali ilipopigwa. Waombe wajukuu wazitume kama hati.

Katika kazi yetu kuna mwongozo uitwao PREMIS, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2005 na unaotunzwa na Maktaba ya Bunge ya Marekani. Unataka kila faili iandikiwe matukio yaliyoipata, wahusika wa kila tukio, na haki zinazoihusu. Huhitaji programu ya gharama ili kuufuata. Fungua faili ya maandishi matupu, uipe jina lilelile la sauti, uiweke katika folda hiyohiyo, kisha uandike kwa mfululizo: kaseti ilipokelewa kwa nani, lini, na yeye aliipataje, iligeuzwa kuwa faili ya WAV (muundo wa sauti isiyobanwa) kwa mashine gani na programu gani, nani alipunguza kelele au kukata kimya cha mwanzoni, na nakala ndogo iliyobanwa ya MP3 ilitolewa kutoka faili ipi. Usitegemee taarifa zinazoandikwa ndani ya faili peke yake, kwa kuwa baadhi yake hupotea faili inapogeuzwa kutoka muundo mmoja hadi mwingine. Andika pia ruhusa: nani aliitoa, na kwa matumizi gani. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, jambo hilo hapa Uganda si la adabu tu.

Fundi (Jinja) alijibu:

Ningeanza na namba ya uhakiki. Programu husoma faili nzima na kutoa mfuatano wa tarakimu na herufi 64, kwa kanuni ya SHA-256. Ikibadilika hata biti moja, yaani chembe ndogo kabisa ya data, mfuatano unakuwa mwingine kabisa. Windows yenyewe ina amri ya certutil ya kuitoa. Uiandike leo kwa kila faili, kisha kila baada ya miezi michache ulinganishe diski yako na ile ya dada. Upo hata mpangilio wa folda uitwao BagIt, ulioelezwa katika hati ya kiufundi ya intaneti iitwayo RFC 8493 ya mwaka 2018, ambao hubeba faili pamoja na orodha ya namba hizo katika maandishi ya kawaida.

Karani wa Nyaraka:

Nakubaliana na Fundi kuhusu namba, lakini sikubali zitangulie. Namba huthibitisha kwamba faili ya leo ndiyo ya jana. Haisemi ni sauti ya nani. Zaweza kutolewa kesho, ilhali aliyekukabidhi kaseti huenda kesho asiwepo. Nenda kwake kwanza. Kila utakaloambiwa liandike pamoja na jina la msemaji na siku aliyosema, na palipo na dhana andika kwamba ni dhana. Ukigundua kosa baadaye, usifute maneno ya awali. Ongeza mstari mpya wenye tarehe. Nina swali pia: hiyo Sauti 014 ina urefu gani, na inaishaje?

Mtunza Kaseti:

Ahsanteni sana. Ina dakika 30, na bibi anakatika katikati ya neno. Baada ya kusoma swali lako nilikwenda kwa shangazi yake kijana, yeye ndiye aliyeniazima kaseti. Bado anayo, ndani ya kasha lake, na ni ya dakika 60. Kwenye karatasi ya kasha pameandikwa kwa kalamu ya wino jina la mhojiwa, jina la mpwa wake aliyemhoji, na maneno «upande wa pili unaendelea». Mwaka 2021 niligeuza upande mmoja tu. Nimeyaandika yote hayo, nimepiga picha karatasi ya kasha, na Jumamosi shangazi ataniletea kaseti ili nigeuze upande wa pili, kijana akiwepo.