Naomba ushauri: shambulizi langu la chesi dhidi ya ufunguzi wa Benoni limezimika

Wakuu, habari za leo. Juzi klabuni nilicheza chesi na kete nyeupe, mpinzani akaja na Benoni ya kisasa, yaani mfumo wa ufunguzi wa kete nyeusi. Nilisogeza askari hadi miraba ya e4 na f4, kisha hatua ya 8 askofu wangu akaenda b5 kumtishia mfalme. Akakinga kwa farasi d7. Nikacheza a4, yeye akaficha mfalme upande mfupi (akabadilishana nafasi na ngome), halafu akasukuma a6. Nikarudisha askofu d3.

Hatua ya 13 nikasukuma f5, nikiamini nafungua njia. Farasi wake akaruka e5! Nikamla, askofu wake akala na kutulia palepale, na tangu hapo sikupata pa kupenya. Nilipoteza, na imeniuma kweli.

Nimepitia ushindi wa Kasparov, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, dhidi ya Mwingereza Nunn, mjini Lucerne, Uswisi, 1982. Yeye alimla kwanza farasi wa d7, ndipo akasukuma f5.

Je, nami nilipaswa kumla farasi yule badala ya kurudi d3? Na nikisharudi d3, nijiandae kusukuma e5 au kuna mpango bora zaidi? Jumamosi tunarudiana naye.