Mjadala: Heshima ya kijitabu cha 1700 ni ya Jaji Sewall peke yake?

Mleta mada:

Wakuu, Juni 1700 huko Boston, koloni la Waingereza la Massachusetts (leo Marekani), Jaji Samuel Sewall alichapisha The Selling of Joseph (yaani Kuuzwa kwa Yusufu, yule wa Biblia), kijitabu cha kurasa tatu cha kupinga utumwa, cha kwanza kuchapwa New England, eneo la makoloni lililojumuisha Massachusetts. Inajulikana nakala moja tu iliyosalia ya chapa ile, nayo iko Massachusetts Historical Society. Kwa kijitabu hicho Sewall anasifiwa kuwa mtetezi wa watumwa. Mimi napinga asifiwe peke yake.

Hoja zake zilikuwa nzito, tusimpunje. Wenye watumwa walijikinga kwa Biblia: Waafrika ni uzao wa Hamu uliolaaniwa, wametolewa upaganini wakaletwa penye Injili, ni mateka wa vita halali, na Abrahamu naye alinunua watumwa. Sewall alizijibu zote. Ndugu zake Yusufu, alisema, hawakuwa na haki yoyote ya kumuuza kwa vipande 20 vya fedha. Kuhusu mateka alijibu kwamba katika kila vita kuna upande usio na haki, na vita vya dhuluma haviwezi kuzaa mateka wa halali. Hapo aliwakamata pabaya wanunuzi.

Lakini kijitabu hichohicho kinasema watu weusi hawataweza kuungana na Wazungu na kujenga nchi pamoja nao, kwamba watabaki kama damu iliyovuja nje ya mishipa. Alitaka biashara ile ikome, ila hakuwataka wawe majirani zake. Wanaomsifu mara nyingi huiruka sehemu hiyo.

Mchangiaji:

Mkuu, unampima mtu wa 1700 kwa macho ya leo. Huyu alikuwa mmoja wa majaji wa kesi za uchawi za Salem za 1692, na 1697 alisimama kanisani mbele ya watu, tamko lake likasomwa, akakubali lawama ya kesi zile. Wangapi wenye cheo hufanya hivyo? Halafu kwa kijitabu akawaudhi matajiri wenzake. John Saffin, mfanyabiashara na jaji, alimjibu 1701 kwa kijitabu cha kutetea utumwa. Msimamo wa aina hiyo una gharama.

Mleta mada:

Ujasiri wake naukubali. Ila macho ya Adam hayakuwa ya leo. Adam alikuwa mtumwa wa huyohuyo Saffin, aliyemwahidi kwa maandishi kwamba akitumika miaka saba kuanzia 1694 atakuwa huru. Muda ulipotimia Saffin akageuka. Adam akagoma, akaenda kwa Sewall kudai haki yake, na kesi ikasumbua mahakama hadi 1703, akashinda. Tena Sewall mwenyewe aliandika katika shajara yake, siku chache kabla ya kijitabu kutoka, kwamba alioneshwa ombi la kumkomboa mtu mweusi na mkewe waliokuwa wameshikiliwa kwa dhuluma. Kwa hiyo madai ya uhuru wa watumwa yalikuwa yameshaanza wino haujamwagika.

Kwa hiyo napendekeza hivi: popote kijitabu kile kinapooneshwa au kufundishwa, kesi ya Adam iwekwe kando yake kwa uzito uleule, na ile sentensi ya damu isomwe bila kufichwa. Anayeona jina la Adam halistahili kukaa hapo atupe sababu zake.