Kumkumbuka Merle Travis jukwaani: kidole gumba kipigeje?

SautiYaJioni
Wakuu, tarehe 20 Oktoba, siku aliyofariki Merle Travis, mpiga gitaa na mwimbaji wa Marekani, mwaka 1983, wanamuziki wa hapa tunakutana kumpigia nyimbo zake. Tuna gitaa mbili, besi na ngoma. Shida ni besi ya kidole gumba, yaani noti nzito za gitaa zinazopigwa kwa gumba: ukiiachia inavuma na kumfunika mwimbaji, ukiiziba kwa kiganja inakufa kabisa. Halafu, tupige kwa vidole vitatu au viwili?

UziWaSita
Viwili: gumba na cha shahada. Travis alijifunza kwa wapigaji wa kwao Muhlenberg, Kentucky, akina Mose Rager na Ike Everly, na vidole vingine alivituliza juu ya ubao wa gitaa. Vidole zaidi ni njia ya Chet Atkins, mpiga gitaa mwingine wa Marekani, aliyemsikia Travis redioni bila kumwona akipiga. Ni tamu, lakini kama mnamkumbuka Travis, pigeni kama Travis.

Kuziba: ukingo wa kiganja, upande wa kidole kidogo, ulale juu ya daraja lenyewe (kipande kinachoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa), uguse nyuzi nene za 6, 5 na 4 tu. Nyuzi nyembamba za 1 na 2 ziwe huru, maana ndizo zinazobeba wimbo. Noti ikikosa jina, yaani unasikia "tu" badala ya sauti, kiganja kimesogea mbele mno. Kirudishe milimita mbili tatu.

Kwenye kordi (noti kadhaa kwa pamoja) ya C: pigo la 1 uzi wa 5, pigo la 2 nyuzi za 4 na 3 kwa pamoja, pigo la 3 uzi wa 6 (freti ya 3, yaani nafasi ya tatu kwenye shingo), pigo la 4 tena 4 na 3. Wengi huchomoa uzi mmoja mmoja kwenye pigo la 2 na la 4, ndiyo maana muziki unakuwa mwembamba. Travis alikuwa anazifagia zote mbili kwa gumba. Anzeni gumba peke yake, mapigo 60 kwa dakika, huku mwimbaji akitamka maneno bila kuimba. Gumba likiyumba neno linapoingia, msiongeze kasi.

Freti12
Piki ya gumba, yaani ukucha wa bandia unaovaliwa kwenye gumba, nayo iangaliwe. Ikilegea inazunguka katikati ya wimbo. Ikibana sana gumba linakufa ganzi. Ya plastiki iloweke kwenye maji ya moto sekunde chache, ikunje ikae sawa, kisha itie kwenye maji baridi. Ncha ikiwa ndefu inanasa kwenye nyuzi, ipunguze kwa tupa.

SautiYaJioni
Asanteni sana. Na kordi ya F je? Tukipiga ya kulaza kidole kwenye nyuzi zote sita, mkono unachoka.

UziWaSita
Travis alibana besi kwa gumba la kushoto kutokea juu ya shingo. Gumba uzi wa 6 freti ya 1, shahada nyuzi za 1 na 2 freti ya 1, cha kati uzi wa 3 freti ya 2, cha pete uzi wa 4 freti ya 3. Ncha ya gumba iuzibe uzi wa 5. Usitumie gitaa la nailoni: shingo yake ina upana wa milimita 52 hivi, ya nyuzi za chuma 43, na gumba halifiki.

KatangaKavu
Anayeijua "Masanga" ya Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo, aliyorekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, ana mwanzo mzuri, maana pale pia ni gumba na shahada. Ila Mwenda aliziacha nyuzi zilie.

Kuhusu kundi: mpiga besi apige pigo la 1 na la 3 tu, na ubeti wa kwanza anyamaze kabisa. Ngoma zipigwe kwa brashi. Kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), kata sauti nzito za gitaa zilizo chini ya hezi 100, mvumo mwingi utaondoka. Na "Sixteen Tons", wimbo wa wachimba makaa ambao Travis aliurekodi mwaka 1946, muupige polepole kwa gitaa moja na sauti moja. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, kwa hiyo maneno yasikike yote.