Naomba ushauri: Utani wa deni la taifa na pesa za TASAF unafaa ukumbini wakati huu maisha yamepanda?

MC wa Kimara (mleta mada):
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mshereheshaji wa harusi hapa Dar es Salaam, na mwezi ujao nina sherehe katika ukumbi mmoja wa Kimara, ambako bwana harusi ni Mchaga na bibi harusi ni Mpare. Kamati imeniomba niwachekeshe wageni kuhusu hali ya uchumi, kwa maelezo kwamba kila mtu anazungumzia bei ya mafuta, uhaba wa dola na deni la taifa, hivyo ni afadhali tucheke pamoja kuliko kila mmoja kununa mezani kwake.

Nimeandaa utani wa aina mbili. Wa kwanza unamhusu mtoto watakayejaliwa maharusi: kabla hajakatwa kitovu atakuwa anadaiwa zaidi ya shilingi milioni moja, kwa mikataba iliyosainiwa kwa niaba yake. Wa pili nitauliza ni nani kati ya wageni aliyelipa mchango kwa pesa za TASAF (ruzuku ya mpango wa Serikali wa kunusuru kaya maskini), kisha nitamwambia mpiga picha azungushe kamera ukumbi mzima. Wanakamati walipousikia huu wa pili walicheka hadi machozi, isipokuwa katibu wao, mama mtu mzima, ambaye alinyamaza tu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa atakuwepo, na baadhi ya majirani waalikwa ni walengwa wa mpango huo. Niutoe upi, niuache upi, na je, video ikisambaa kuna hatari yoyote kwangu?

Mhasibu Mstaafu:
Ndugu mleta mada, utani wako wa mtoto una hesabu sahihi, na hilo ni jambo adimu. Bajeti ya Juni 2023 ilitaja deni la Serikali kuwa shilingi trilioni 79.1 kufikia Aprili mwaka huo, na Sensa ya 2022 ilitupa watu milioni 61.7, kwa hiyo wakati huo kila kichwa kiliangukiwa na takriban milioni moja na laki tatu. Hata hivyo, nakuomba usiingie katika mtego wa wasanii wengi wanaosimulia kana kwamba mdai wetu ni Mzungu mmoja aliyekaa Washington akisubiri kutunyang'anya Mlima Kilimanjaro. Katika trilioni hizo, karibu 28 zilikuwa deni la ndani, yaani Serikali imekopa kupitia hatifungani na dhamana zinazonunuliwa na benki zetu, mifuko ya hifadhi ya jamii, na hata watu binafsi wenye akiba. Mimi mwenyewe nina hatifungani. Ukisema jukwaani kwamba tusilipe, mimi na wastaafu wenzangu tutakaokuwa mezani hatutacheka, maana utakuwa umependekeza tudhulumiwe huku tukila pilau. Mwambie mtoto kwamba anadaiwa na babu yake: hapo utapata kicheko na utakuwa umesema kweli.

Mama wa Tandika:
Mwanangu, katibu alinyamaza kwa sababu anawajua wanaokwenda kupanga foleni. Walengwa wa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini hawajifichi, kwa kuwa utambuzi wao hufanyika kwa kuwashirikisha wakazi katika mkutano wa hadhara, majirani wakitaja kaya zilizo hoi kuliko nyingine. Maana yake, kamera yako ikizunguka ukumbini, watu watajua kabisa inamtafuta nani, na mama aliyeazima kitenge ili aje kumpongeza mtoto wa jirani atatazama sahani yake mpaka sherehe iishe. Kiasi chenyewe ni kidogo, hutolewa kila baada ya miezi miwili, na sehemu yake imefungwa na masharti ya kumpeleka mtoto kliniki na shuleni. Kama unataka kucheka ruzuku, cheka ile ya mafuta ya mwaka 2022, Serikali ilipotoa shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Ile tulipewa sote, na mwenye gari kubwa alipata zaidi kwa sababu alijaza lita nyingi zaidi. Waulize wenye magari waliokaa meza ya mbele ni lini watapanga foleni kushukuru.

Kaa Kimya:
Ushauri wangu ni kwamba uache yote mawili. Spika Job Ndugai alionya mwishoni mwa Desemba 2021 kwamba kwa mwendo wa kukopa ipo siku nchi itapigwa mnada, na tarehe 6 Januari 2022 akatangaza kujiuzulu. Yeye hakuwa akitania, na alikuwa Spika. Wewe ni mtu wa kipaza sauti cha kukodi.

Wakili wa Mtaani:
Naomba kumpinga Ndugu Kaa Kimya kwa heshima. Ndugai alikuwa kiongozi wa mhimili wa dola akihoji sera ya mhimili mwingine, na suala lake lilikuwa la kisiasa, wala halifanani na la mshereheshaji. Kwa upande wa sheria, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamlenga anayechapisha taarifa akijua kwamba ni za uongo, huku akiwa na nia ya kukashifu au kupotosha umma. Kinga yako ya kwanza, kwa hiyo, ni ile hesabu ya Mhasibu Mstaafu: itaje kama ilivyo, usiongeze sifuri kwa ajili ya kunogesha. Jihadhari pia usimtaje kiongozi kwa jina na kumzulia kwamba amekula mkopo fulani, kwa sababu huo si utani tena. Kuhusu kamera ya TASAF, hata kama hutashtakiwa, nakubaliana na Mama wa Tandika.

Niongeze jambo moja nje ya sheria. Mwaka 1987, Julai, Thomas Sankara, Rais wa Burkina Faso wakati huo, alisimama Addis Ababa mbele ya wakuu wa nchi za Afrika na kuwaambia kwamba tusipolipa deni wakopeshaji hawatakufa, ila tukilipa sisi ndio tutakaokufa. Aliichanganya hoja hiyo na mzaha, na ukumbi ukacheka. Mzaha ule uliwalenga waliotoa mikopo na waliokuwa wakiiomba, na wa pili walikuwa wamekaa mle mle ukumbini.

Mpare wa Same:
Mbona mnamtafutia kijana utani mbali, wakati harusi yenyewe ni ya watani? Mchaga na Mpare wana ruhusa ya kutukanana tangu enzi za mababu, na hakuna mwenyekiti wa mtaa atakayeingilia. Sema kwamba Wapare tukikabidhiwa Hazina, deni la taifa litaisha kwa miaka miwili, kwa sababu hakuna wizara itakayoruhusiwa kununua hata kalamu bila kurudisha kifuniko cha ile ya zamani. Kisha waambie upande wa pili kwamba Mchaga akipewa Hazina, atalikopesha taifa kwa riba ya kausha damu na kufunga ofisi Desemba nzima ili aende kwao Kilimanjaro. Hapo umewagusa wote na hujamdhalilisha maskini hata mmoja.

MC wa Kimara:
Nashukuruni sana, na Mama wa Tandika shikamoo. Ule wa kamera nimeufuta. Mtoto atadaiwa na babu yake, na watani nitawapa Hazina kama alivyoelekeza Mpare wa Same. Limebaki swali moja: niuweke kabla ya chakula au baada yake?

Mama wa Tandika:
Marahaba. Uweke baada ya chakula, na kabla ya hapo muulize mweka hazina wa kamati ni ahadi ngapi za michango hazijalipwa, kwa sababu nasikia hata mpishi anaidai kamati yenu.