Naomba ushauri: nafuu ya nauli kwa watalii wanaokuja Pemba

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mkaazi wa Konde, Pemba, nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne, na wiki iliyopita nilikuwa na mgeni mmoja tu, mama wa Kifaransa aliyekuja kuwaona popo wa Kidike, akastaajabu kuukuta ufukwe wa Vumawimbi mtupu, pana ngalawa tatu na wavuvi wanaoshona nyavu.

Mwaka 2023 Hong Kong ilitangaza kugawa tiketi 500,000 za ndege bila malipo ili kuvuta watalii. Kwetu, tangu Oktoba 2024, mgeni hulipia bima ya dola 44 za Marekani. Siipingi bima hiyo, maana mgeni akiugua humfaa. Linaloniuma ni kwamba wengi huishia Nungwi na Paje, huko Unguja, wasifike kwetu Pemba.

Kikundi chetu kinataka kuiomba Serikali impunguzie nauli ya boti kila mtalii anayevuka kutoka Unguja kuja kulala Pemba. Je, barua ianzie Kamisheni ya Utalii au kwa Mkuu wa Mkoa? Na je, tuombe pia nafuu ya ndege ndogo, kwa kuwa bahari ya msimu wa upepo wa kusi huwatisha wengi? Waliowahi kuandika maombi ya namna hii naomba wanielekeze.