Volti za Korg MS-20 kwenye pedali ya Moogerfooger

Swali: Ndugu zangu, nimechukua volti ya kibodi ya sintesaiza ya Korg MS-20 na kuipeleka kwenye tundu la kuongozea kichujio cha sauti cha pedali ya MF-101, mojawapo ya Moogerfooger za kampuni ya Moog. Noti za chini hazikisogezi kichujio ipasavyo, ilhali za juu zinakirusha mbali mno. Je, pedali ni mbovu?

Jibu: Pedali ni nzima, ndugu. Vifaa vya Moog huhesabu volti 1 kwa kila oktavu, lakini MS-20, iliyotoka mwaka 1978, huzidisha volti mara mbili kila oktavu, mathalani kutoka 1 hadi 2, kisha 4, kisha 8, ndiyo maana hatua za juu zinakuwa kubwa kupita kiasi. Weka katikati kigeuzi cha volti za kuongozea, kinachobadilisha mfumo wa MS-20 kuwa volti 1 kwa oktavu.

Jibu: Naongezea kwamba mawimbi ya polepole ya MS-20 hayahusiki na tofauti hiyo, nayo hukitikisa kichujio vizuri mno. Ukihamia pedali za kampuni nyingine, soma mwongozo kwanza, kwa kuwa matundu mengi ya pedali ya mguu hutoa volti kwenye pete ya plagi, na plagi ya mono, isiyo na pete yake, huiunganisha volti hiyo na ardhi, yaani hupiga shoti.

Muulizaji: Nashukuru sana. Natafuta kigeuzi.