Tupeane uzoefu: Mliosoma uigizaji, muziki au dansi miaka ya mwisho ya shule, kipi kiliwashangaza?

PaziaJekundu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Mdogo wangu katangaza kwamba miaka yake miwili ya mwisho ya sekondari anachukua uigizaji na muziki. Nyumbani pamechafuka. Mzee anasema mtoto anaenda kucheza, mama anasema aachwe, na mimi kwa kuwa nilisoma uigizaji naulizwa kama shahidi mahakamani.

Ukweli ni kwamba niliingia kichwakichwa. Nilijiona nimepanda jukwaani, nalia machozi ya kweli, mtahini naye anafuta macho, alama za juu hizo hapo. Kumbe kilichoninyima usingizi miaka ile ni daftari. Mwalimu alitaka kila siku ya mazoezi iandikwe: tumejaribu nini, tumekiacha kwa sababu gani, tulichobaki nacho kinamfanya nini mtazamaji. Wiki nane mfululizo niliandika "leo mazoezi yalikwenda vizuri". Akanirudishia na maneno mawili kwa wino mwekundu: "Vizuri vipi?"

Sikusikia. Siku nne kabla ya kukusanya nikakaa na kalamu tatu za rangi tofauti, nikaandika daftari la mwaka mzima, kurasa nyingine nikazikunja pembe ili zionekane zimezeeka. Alinikamata kirahisi mno. Kwenye maelezo ya mwezi wa kwanza nilikuwa nimesifia ngazi ya mbao ambayo kikundi chetu kilianza kuitumia mwezi wa mwisho.

Karibuni. Nadharia wekeni pembeni, leteni yaliyowakuta.

DakikaKumiNaMbili

Nacheka kwa uchungu, mkuu. Yangu ni kazi ya kikundi.

Kwa wasiojua: katika masomo haya mara nyingi kuna igizo ambalo wanafunzi wanalibuni wenyewe kuanzia sifuri, na lina mpaka wa muda. Kwa mfano, New South Wales kule Australia mtihani wa drama kwa miaka mingi umetaka kikundi cha watu 3 hadi 6 na igizo la dakika 8 hadi 12. Letu lilikuwa la namna hiyohiyo. Tulikuwa watano, na rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na dakika 19.

Kukata dakika 7 za kitu mlichokizaa wenyewe ni msiba, nawaambia. Kila mmoja alitaka kikatwe cha mwenzake. Tukagombana, tukanuniana, tukarudi. Katikati ya vurugu hizo mwenzetu mmoja akatoweka. Haji mazoezini, simu hapokei, darasani anatukwepa. Yeye ndiye alikuwa baba katika igizo, na hadithi nzima ilimzunguka baba.

Wiki ya tatu ya kumsubiri, dada mmoja katika kikundi akavuta kiti, akakiweka katikati, akasema tuongee nacho. Tukaanza kama utani. Mimi nikakigombeza kiti kile mpaka sauti ikakauka. Mwalimu alikuwa mlangoni, hakusema kitu, akakaa chini kutazama. Tangu siku hiyo baba akawa kiti kitupu, na dakika zikashuka zenyewe, maana mistari yote ya baba ilikufa naye.

Sasa sikilizeni. Zikiwa zimebaki siku 15, jamaa akarudi. Kwao kulikuwa na mambo mazito, hakutaka kuyasema na hatukumlazimisha. Lakini kila mwanafunzi hupewa alama zake mwenyewe, hata kama igizo ni la wote. Tukimwacha nje, hana alama. Tukimrudisha kama baba, tunaua kitu bora tulichowahi kutengeneza. Tulibishana siku mbili. Mwisho tukamfanya mtu anayekuja kukichukua kiti. Haongei. Anaingia, anatutazama mmoja mmoja, anakibeba, anaondoka. Dakika moja na nusu tu.

SikioTu

Mimi ni muziki. Nilikuwa napiga gitaa kwa sikio tangu mdogo. Nikisikia wimbo mara mbili ninao. Nikaenda darasani nikijiona mwalimu msaidizi.

Wiki ya kwanza tukapewa kupanga sauti nne: soprano, alto, tenor na besi. Nikapanga, nikapiga kwenye kinanda, nikaona tamu. Karatasi ikarudi imejaa mistari ya ulalo. Mistari yote ilikuwa kosa lilelile, tano sambamba: sauti mbili zilizoachana kwa nota tano zinahama pamoja upande mmoja, na zikifika bado zimeachana kwa tano zilezile. Nikabisha kwamba kwenye gitaa tunafanya hivyo kila siku na watu wanacheza. Mwalimu akanijibu kwa upole kwamba kwenye gitaa sawa, ila hapa zoezi ni sauti nne zinazojitegemea, na mbili zikienda hivyo sikio linazisikia kama moja. "Umeandika sauti nne, mimi nasikia tatu." Ilinichukua miezi kuisikia hiyo tofauti, na nilipoisikia sikuweza tena kuacha kuisikia. Imeniharibia nyimbo kadhaa nilizokuwa nazipenda.

Aibu kubwa lakini ilikuwa kwenye utunzi. Nikaandika kipande cha kinanda na klarineti, nikamkabidhi mpiga klarineti nota zilezile za kinanda. Klarineti ya kawaida ni ya B flati: ukimwandikia C, inayotoka ni B flati, yaani iko chini kwa toni nzima. Tukaanza kupiga. Jamaa alikuwa mstaarabu, akaenda mpaka mwisho bila kusimama. Ukumbi mzima ulidhani nimeandika muziki wa kisasa sana. Mmoja akanipongeza.

Kusoma nota papo hapo ndiko kulikonitesa mpaka mwisho. Kilichonisaidia kidogo ni kusoma mistari miwili mipya kila asubuhi, polepole, na kutorudi nyuma hata nikikosea. Sisi wa sikio tuna ugonjwa wa kurudi kusahihisha, na kwenye mtihani ukirudi mapigo yameshakuacha.

PaziaJekundu

@SikioTu nimecheka mpaka machozi. "Muziki wa kisasa sana" 😂

MguuWaKushoto

Mimi dansi. Kifundo cha mguu kiliteguka wiki tisa kabla ya mtihani wa vitendo. Daktari akasema nipumzike, na mimi ni mbishi, ila mguu ulikuwa mbishi zaidi.

Wiki zile nilikaa pembeni na kalamu nikiwatazama wenzangu, na hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile sehemu ya uchambuzi niliyokuwa naidharau. Rudolf Laban, mwananadharia wa dansi, aligawa nguvu ya mwendo katika mambo manne: uzito, muda, nafasi na mtiririko. Nilikuwa nimeyakariri kama shairi. Nikiwa nimekaa nikaona wasichana wawili wanafanya hatua ileile, hesabu ileile, na mmoja anaonekana anaomba wakati mwingine anaamuru. Tofauti yao ilikuwa uzito tu. Nikaandika kurasa sita siku ile, mimi ambaye ukurasa mmoja ulikuwa unanishinda.

Nilirudi zikiwa zimebaki wiki tatu, nikaondoa miruko miwili kwenye dansi yangu, mahali pake nikaweka kazi ya sakafuni. Mtahini hakuwa na habari kwamba kuna kitu kimeondolewa. Nilichojutia ni kwamba nilikuwa nimeanza kusikia maumivu mwezi mzima kabla na nikanyamaza. Mwambie mdogo wako asinyamaze.

TaaZaNyuma

Mimi sikuwahi kuigiza hata mstari mmoja. Nilichukua upande wa taa, maana mitaala mingine inaruhusu utahiniwe kwa ubunifu: taa, sauti, maleba, mandhari. Watu wakaniita fundi umeme miaka miwili. Siku ya onyesho taa moja iliungua katikati ya onyesho na hakuna aliyejua isipokuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimeandika mpango wa pili kwa kila badiliko. Basi, ni hilo tu.

ChaguoLaPili

Naomba niwe mkweli, humu wote mnasifia. Nilichukua uigizaji kwa kuwa niliambiwa ni mteremko. Mwezi wa tatu nikahamia kemia. Kwenye kemia nikikosea nakosea peke yangu na kitabu. Kule nilikosea mbele ya watu kumi na wanne, kila siku, na mwili wangu. Sijutii kuhama, na sijutii ile miezi mitatu pia.

MezaYaWatahini

Nimefundisha na kusahihisha masomo haya, kwa hiyo niongezee upande wa pili wa meza.

Kwanza, mzee wenu anayedhani ni kucheza aonyeshwe mgawanyo wa alama. Uingereza, kwa mfano, drama ya A level chini ya bodi ya mitihani ya AQA ina mtihani wa maandishi wenye asilimia 40, halafu kazi mbili za vitendo za asilimia 30 kila moja, na hizo za vitendo nazo zina maandishi ndani yake. Mwanafunzi asiyependa kuandika atateseka.

Pili, majina makubwa. Kila mwaka nasoma "tulitumia mbinu ya Brecht" kisha naona mtu kashika bango, basi. Brecht, mwandishi na mwongozaji wa tamthilia wa Ujerumani, alitaka mtazamaji asizame kwenye hadithi mpaka asahau kufikiri. Kwa hiyo swali langu ni: bango lako lilinifanya nifikiri nini? Ni hivyohivyo kwa Stanislavski, yule mwongozaji wa Urusi aliyefundisha uigizaji wa uhalisia. Usiniambie uliingia ndani ya mhusika, niambie mhusika alikuwa anataka nini katika onyesho lile, kutoka kwa nani, na ulifanya nini na mikono yako kwa sababu hiyo. Kile kiti cha @DakikaKumiNaMbili ningekipa alama hata kabla sijaona daftari, ila daftari lenye kisa chake ningelisoma mara mbili.

Na wewe @PaziaJekundu, ile ya kalamu tatu tunaiona kila mwaka. Zamani walikuwa wanamwagia chai.

PaziaJekundu

Nimenyooka, mwalimu 🙏

Nimempa dogo simu asome uzi wote. Ya taa kaisoma mara mbili. Mzee naye kasoma begani kwake, akaguna kwenye asilimia, hajasema kitu tangu hapo. Dogo ana swali moja kwa @DakikaKumiNaMbili: yule jamaa aliyebeba kiti alipata ngapi?

DakikaKumiNaMbili

Alinizidi mimi. Dakika moja na nusu, bila neno hata moja. Tumebaki marafiki, ila hilo hatuliongelei.